Kuku wa jirani wamekufa usiku mmoja: niwauze wangu?

Swali: Shikamoo daktari. Nafuga kuku wa mayai 600 hapa Muleba, si mbali na ziwa, na nina mabata 12 wanaojitafutia wenyewe. Jumapili jirani yangu aliamka akakuta kuku wake 14 wa kienyeji wamekufa, na juzi wakafa wengine. Yeye anasema ni kideri, kijana wa duka la dawa za mifugo anasema ni mafua ya ndege. Kuku wangu wazima, wanataga kama kawaida. Mume wangu anataka tuwauze wote upesi kabla ugonjwa haujavuka uzio. Je, tuuze? Kuna chanjo? Na kama ni hayo mafua kweli, tunafanyaje?

Jibu: Marahaba, na poleni kwa hofu. Nianze na mumeo, maana lake ndilo lenye haraka. Msiuze. Si leo wala kesho, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi.

Kuku aliyeambukizwa mafua makali ya ndege huanza kumwaga virusi kwenye kinyesi na makamasi kabla hujamwona amezubaa. Ukimtoa leo akiwa mzima wa macho, anapakiwa kwenye tenga na kuku wa watu wengine, anapita vijiji vitano kwenye bodaboda, anashinda gulioni, na asiyenunuliwa anarudishwa jioni kwenye banda la mchuuzi. Hivyo ndivyo banda moja linavyogeuka wilaya nzima. Na tuseme ni kideri tu, kama asemavyo jirani. Kama wako wamechanjwa vizuri, wengi wao watapona, na wewe utakuwa umeuza kuku wanaotaga kwa bei ya kutupa. Nimeipiga hesabu hiyo kila upande na sijaona mahali ambapo kuuza kunakufaidia. Tena Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa ya ugonjwa wa aina hii, si kuusafirisha.

Mpigieni afisa mifugo wa kata leo. Jirani ndiye apige, au mwenyekiti wa kitongoji, au wewe. Aliyefiwa na kuku mara nyingi huona aibu, basi usimngoje. Mayai yako yabaki ndani mpaka afike. Siku tatu haziyaharibu.

Sasa ni ugonjwa gani? Hapo nikutahadharishe na jina. Wafugaji wengi wakisema "mafua ya kuku" wanamaanisha ule ugonjwa wa bakteria unaovimbisha uso, macho yanatoa machozi na pua kunuka, huo hutibika. Mafua ya ndege ni kitu kingine kabisa. Ni virusi vya influenza, vile vinavyoitwa H5N1, H5N8 na kadhalika. Herufi hizo ni majina ya protini mbili zilizo juu ya kirusi. Aina nyingi ni pole, zinapita kwa kukohoa kidogo na mayai kupungua. Ila baadhi ya aina za H5 na H7 hugeuka kali, na zikiingia kwenye banda la kuku wa mayai zinaweza kuwamaliza karibu wote ndani ya siku chache.

Kwa macho, mafua makali na kideri hufanana kiasi kwamba daktari anayekuambia kwa simu "hicho ni kideri" anabahatisha. Kideri kwa kawaida hukuachia siku kadhaa: kuharisha kijani, mabawa kulegea, shingo kupinda, huyu leo na wale kesho. Mafua makali huja kama mtu aliyezima taa. Unaweza kukuta waliokufa wakiwa na chakula bado kwenye kifuko cha shingoni. Ukiwatazama wanaougua utaona kichwa kimevimba, upanga na vile vinyama vinavyoning'inia chini ya mdomo vimekuwa vya zambarau, na kwenye miguu isiyo na manyoya kuna madoa mekundu ya damu iliyovia. Mayai hutoka na ganda laini au bila ganda. Na kabla ya yote hayo, wafugaji walioupitia husimulia jambo moja: banda hunyamaza. Wewe unazijua kelele za kuku 600 saa moja asubuhi ukiwa na ndoo ya chakula mkononi. Ukifungua mlango ukasikia maranda yakikanyagwa na viatu vyako tu, usiingie zaidi.

Usisahau kwamba kuku 14 kufa usiku mmoja huweza pia kuwa sumu. Mtu kapulizia dawa mbogani, kuku wakapita. Maabara ndiyo itakayosema. Afisa atachukua vijiti vya pamba vilivyopitishwa kooni na sehemu ya haja, au kuku waliokufa karibuni, vikae kwenye ubaridi na kupelekwa kwa Wakala ya Maabara ya Veterinari. Kwa hiyo jirani asizike wala kuchoma wote. Awaweke watatu au wanne wa karibuni ndani ya viroba viwili, kimoja ndani ya kingine, kivulini, mbali na mbwa. Na mtu yeyote asimpasue kuku uani "aangalie kilichomuua". Mimi mwenyewe nikiwa kijana kazini nilikuwa nikiwapasua mikono mitupu juu ya meza ya duka, wateja wamezunguka. Sikuugua, na leo nikikumbuka najishangaa.

Kuhusu kama mafua ya ndege yanaweza kufika huko kwenu: hofu ya ukanda wako ina msingi wake. Mapema Januari 2017 watu wa ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, waliona buabua, wale ndege weupe wa majini wanaohama kutoka kaskazini, wakifa kwa wingi ufukweni. Vipimo vikaonyesha H5N8 kali, na haikuchukua muda ikapatikana kwa bata na kuku wa nyumbani upande wa Masaka. Mwaka huohuo ikaonekana Ituri, Kongo, kandokando ya Ziwa Albert. Tanzania, Kenya na Rwanda zilifunga milango kwa kuku wa Uganda. Ziwa la Lutembe ni Victoria, lilelile lako. Buabua hana pasipoti. Lakini tazama jinsi ilivyogundulika: watu wa ufukweni waliona ndege wamelala mchangani, wakasema. Kama hapo kwenu watoto wameona yangeyange, buabua au kunguru waliokufa wiki hii, mwambieni afisa, na msiwaguse.

Pamoja na hayo, baada ya miaka mingi ya kazi hii naamini ndege wa porini analaumiwa kupita kiasi. Yeye huleta virusi hadi ziwani. Kutoka ziwani hadi ndani ya banda, mara nyingi virusi hubebwa na sisi.

Nakumbuka shamba moja nililotembelea, la mtu makini kweli. Mlangoni alikuwa amejenga kibeseni cha saruji cha kukanyagia dawa, kama tulivyomfundisha. Maji yake yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, inzi wanaelea. Nikiwa nimesimama pale akaja mchuuzi wa mayai na pikipiki, trei tupu zimefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Akakiruka kile kibeseni kama mtu anayevuka mtaro, akaenda moja kwa moja hadi stoo ya chakula, akaziweka trei zake juu ya gunia lililofunguliwa. Nikaziangalia. Trei ya pili kutoka juu ilikuwa na unyoya mwekundu umegandia kwenye kinyesi kikavu. Kuku wa shamba lile wote walikuwa weupe.

Basi kama una fedha ya kufanya jambo moja tu wiki hii, lifanye mlangoni. Weka ubao wa kimo cha goti ukikatiza njia ya kuingilia, ndani ya mlango. Viatu vya nje havivuki ubao. Unakaa juu yake, unavua, unageuza miguu upande wa ndani, unavaa mabuti au kandambili ambazo hazitoki humo kamwe. Khanga au ovaroli ya bandani nayo itundikwe upande wa ndani. Ndoo ya maji na sabuni iwe hapohapo. Hiki kiubao hakihitaji dawa ya kubadilisha kila siku, na hata mtoto anaelewa mstari uko wapi. Kibeseni cha dawa nakiamini kidogo sana, kwa sababu kinyesi kikishaingia dawa inakufa, na kinatupa moyo wa kuvuka na viatu vichafu. Ukitaka kutumia jiki, kwanza sugua uchafu kwa sabuni na brashi hadi uishe, ndipo upake sehemu moja ya jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji, uache dakika kumi. Jiki juu ya kinyesi ni fedha iliyomwagwa.

Mchuuzi asivuke geti. Mjengee meza nje; mayai unampelekea wewe. Trei za karatasi hazioshwi zikatakata, kwa hiyo zikitoka zisirudi: muuzie pamoja na mayai, au nunua za plastiki unazozisugua na kuzianika juani. Mwanzoni atanung'unika. Kuku 600 wanakupa trei kama 17 kwa siku. Mteja wa trei 17 hasusi kirahisi. Utaratibu uwe huohuo kwa anayekuja kununua kuku waliochoka kutaga, kwa wanaonunua mbolea, kwa mchanjaji anayezunguka nyumba kwa nyumba na sindano ileile, na kwa mimi pia nikija. Daktari anayetoka banda lenye ugonjwa kuja kwako bila kubadili viatu mfukuze, hata kama ana mvi.

Sasa mabata. Hapa utanichukia kidogo. Bata anaweza kubeba virusi hivi, akavimwaga kwa siku kadhaa, na asionekane mgonjwa. Mabata 12 wanaoshinda ziwani na ndege wa porini, jioni wanarudi kunywea chombo kimoja na kuku, ni daraja ulilolijenga mwenyewe. Baada ya mlipuko wa Hong Kong mwaka 1997, uliougusa watu 18 na kuua 6 kati yao, mji ule uliwachinja kuku wake wote, zaidi ya milioni moja, na masoko yalipofunguliwa tena bata na mabata bukini hawakuruhusiwa kuuzwa pamoja na kuku. Fungia mabata wako leo, mbali na banda la kuku, wahudumiwe mwisho baada ya kuku, na mtu mwingine kama yupo. Wakishapita salama kipindi hiki, amua kama unafuga mabata au unafuga kuku. Mimi ningechagua.

Maji ya kunywesha kuku usichote ziwani. Kama huna chanzo kingine, yatie klorini ya maji ya kunywa na usubiri nusu saa. Ziba matundu ya banda kwa wavu ambao shomoro hapiti, na chakula kinachomwagika nje ya mlango kifagie kila siku, ndicho kinachowaita. Vifaranga nunua kwa kiangulio unachoweza kukitembelea, si vile vya njia za panya kutoka ng'ambo ya mpaka kwa sababu ni nafuu. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga kwa hoja hiyohiyo ya mafua ya ndege. Ilizua maneno mengi baina ya majirani, na mimi pia picha zile zilinikera, lakini mfugaji aliyeko mpakani ajue ni hatari ya namna gani serikali huiogopa.

Chanjo. Zipo duniani: China na Misri wamechanja kwa miaka mingi, na Ufaransa ilianza kuchanja mabata wake Oktoba 2023. Lakini ni jambo la mpango wa serikali, kwa sababu kuku aliyechanjwa anaweza kuambukizwa na kumwaga virusi bila kuonyesha dalili, hivyo inahitaji upimaji wa kudumu nyuma yake. Usinunue chupa ya dukani unayoambiwa ni chanjo ya mafua ya ndege. Dawa za kutibu hazipo; antibayotiki utakazomwaga kwenye maji hazigusi virusi, na ukiwapa kuku wanaotaga unaharibu na mayai.

Chanja kideri, na usiache hata mara moja. Chanjo ya kideri haizuii mafua ya ndege hata kidogo, lakini inafanya kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii: inakupa jibu. Kuku ambao hawajachanjwa wakifa kwa wingi, kila mtu anasema "kideri", anakunja mikono, na siku tano zinapotea. Kuku waliochanjwa ndani ya miezi mitatu, na daftari linaonyesha tarehe, wakianza kufa kwa wingi, unajua saa ileile kwamba hili ni jambo lingine. Kwa hiyo weka daftari. Idadi ya waliokufa, trei za mayai, kilo za chakula. Kwa kundi la ukubwa wako, kuku mmoja akifa leo na mwingine wiki ijayo si habari. Watano siku moja, au trei 17 zikawa 14 ghafla, au chakula cha asubuhi kikabaki mchana, usingoje kesho uone.

Ikitokea hivyo kwako, Mungu apishie mbali, funga geti. Hakuna kuku, yai, mbolea, trei wala mtu wa nje anayepita. Mtu mmoja tu ndiye ahudumie, tena asiye mjamzito wala mgonjwa, avae barakoa, glavu na kitu cha kukinga macho, na nguo zake zifuliwe hapohapo. Watoto na paka wakae mbali; paka hufa kwa virusi hivi wakila ndege walioambukizwa. Afisa akithibitisha, kundi lote litauawa, hata waliobaki wazima. Najua inavyouma. Lakini waliobaki si wazima, ni ambao zamu yao haijafika, na kila saa wanayobaki hai wanatengeneza virusi vya kumpelekea jirani. Mizoga ifukiwe chini ya udongo usiopungua mita moja, mbali na kisima na ufuko. Kwenu huko karibu na ziwa maji hayako mbali chini, kwa hiyo mahali pa shimo paoneshwe na afisa. Mbolea irundikwe, ilowanishwe, ifunikwe turubai ichemke yenyewe. Kanuni za Ulaya hutaka ikae siku 42. Kuingiza kuku wapya kungoje ruhusa. Viwango vya kimataifa vya kurudisha nchi kwenye hali ya usalama huhesabu siku zisizopungua 28 baada ya usafishaji wa mwisho.

Fidia ndiyo mfupa wa koo. Uingereza hulipa kwa ndege walioamriwa kuuawa wakiwa wazima, si kwa waliokwisha kufa, na hapo ndipo mfugaji wa kule anapopata sababu ya kupiga simu siku ya kwanza badala ya siku ya nne. Afrika Kusini, ambako mwaka 2023 virusi vya H7 viliangamiza mamilioni ya kuku wa mayai hadi maduka yakawa yanagawa trei kwa mgao, wafugaji walilalamika sana juu ya kukosa malipo. Kwa upande wako sitakuahidi shilingi. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya sasa, wakati hakuna kilichokufa, na daftari lako likiwa limekaa vizuri, kwa sababu likija suala la kuhesabu, aliye na maandishi ndiye atakayesikilizwa kwanza.

Kuhusu kula: nyama na mayai vilivyoiva sawasawa, joto la nyuzi 70 hadi ndani, havina tatizo, kwa hiyo hakuna sababu ya kijiji kizima kuacha mayai. Hatari ya binadamu iko kabla ya chungu: kuchinja, kunyonyoa, kutoa matumbo, na watoto kubeba kuku mgonjwa. Nimeshasikia mara nyingi mno "tuwahi kumchinja kabla hajafa". Huyo hasa ndiye asichinjwe. Kama jirani au mtu wa nyumbani kwake aliwanyonyoa wale wa Jumapili, na ndani ya siku kumi akapata homa, kikohozi au macho mekundu, aende hospitali na aseme mwenyewe mlangoni, "Nimeshika kuku waliokufa." Bila hiyo sentensi atapewa dawa ya malaria.

Niandikie leo jioni mambo matatu. Kuku wa jirani walichanjwa kideri lini mara ya mwisho, kama waliwahi kuchanjwa? Je, ana mabata, na nao wamekufa? Kideri huwaua bata kwa nadra, kwa hiyo nikisikia bata wamelala pamoja na kuku nitampigia daktari wa wilaya mimi mwenyewe usiku huuhuu. Na la tatu ni mchuuzi wa mayai: yule anayechukua kwako na anayechukua kwa jirani, ni mtu mmoja?